Ususi Unasomewa Wapi?

Bumu likishaingia, pita kwenye korido ya hosteli yoyote ya wasichana jioni ya Ijumaa. Utakuta mlango mmoja uko wazi, ndoo ya maji ya moto pembeni, mtu kakaa chini kwenye khanga, mwingine kakaa kitandani nyuma yake na kitana kimebanwa mdomoni, na wawili wanasubiri zamu huku wanachambua rasta. Huyo mwenye kitana anasoma Takwimu, mwaka wa pili. Akimaliza vichwa vitatu kabla ya Jumapili, hela ya kula wiki nzima imepatikana. Kila hosteli ina wa kwake, na karibu kila msusi wa hosteli amewahi kuulizwa, nusu utani nusu dharau: "Si uende tu ukasomee kabisa?"

Mimi nimesuka tangu mwaka wa kwanza, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa GPA yangu. Nilikuwa nacheka tu. Baadaye yakanikuta ya kunikuta, nitayaeleza huko mbele, nikaanza kuuliza kwa dhati: hivi ususi unasomewa wapi, kwa muda gani, unatoka na cheti gani, na mtu aliye chuo kikuu tayari anaingilia mlango upi? Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na lililo wazi. Hapa Tanzania hakuna bodi inayosajili wasusi mmoja mmoja kama inavyofanyika kwa wauguzi au mawakili. Hakuna mtu atakayegonga mlango wako kukuuliza cheti cha kusuka twende kilioni. Wenzetu wa nchi nyingine wameamua tofauti. Ujerumani, anayetaka kuwa msusi anafanya uanagenzi wa miaka mitatu, saluni na shuleni kwa pamoja, na akitaka kufungua saluni yake kwa kawaida anadaiwa cheti cha ngazi ya juu zaidi wanachokiita Meister. Marekani kila jimbo lina sheria yake. California walikuwa wanadai saa 1,600 za mafunzo ndipo upate leseni, na kuanzia mwaka 2022 wakazishusha hadi 1,000. Lakini jimbo hilohilo limemsamehe leseni mtu anayesuka tu, asiyegusa kemikali. Hiyo tofauti ya kusuka na kemikali ishike kichwani, tutairudia.

Kwa kuwa kwetu mlango uko wazi, watu wanaingia kwa njia nyingi. Ya kwanza, na ndiyo iliyowatoa wasusi wengi unaowajua, ni kukaa saluni.

Inakuwa hivi. Unaenda kwa dada mwenye saluni, au mama anakupeleka kwa rafiki yake, mnakubaliana. Wengine wanalipa hela ya kufundishwa, wengine wanalipa kwa kazi. Mwezi wa kwanza hugusi kichwa cha mteja. Unafagia, unachota maji, unafua mataulo, unachambua rasta na kumpa msusi kipande kwa kipande. Ukionekana una mkono mwepesi unapewa kufumua. Kufumua kunaonekana kazi ya kitoto, ila ndipo unapojifunza nywele zinavyokatika, mba inavyokaa, na mteja anavyovumilia maumivu bila kusema. Halafu kuosha, halafu kuseti na rola, halafu kupewa nusu ya nyuma ya kichwa wakati msusi mkubwa anamalizia mbele. Nusu ya nyuma kwa sababu ukikosea huko mteja hajioni.

Kuna kitu saluni inakupa ambacho hakuna darasa litakupa, nacho ni kasi. Mteja hajali una alama A ya nadharia kama unamkalisha saa tisa kwa kichwa ambacho jirani anamaliza kwa nne. Pia unajifunza kuongea na watu, kukataa kukopwa bila kugombana, na kumtambua mteja atakayesema "nitakutumia kwenye simu" halafu asitume.

Ubaya wake ni kwamba hakuna mtaala wala mwisho. Unafundishwa kile ambacho dada anakijua na anachotaka ukijue. Wapo wanaofundisha kwa moyo wote, lakini wapo pia wanaokuambia toka nje wakati wanachanganya dawa au rangi, wanaogopa ukishajua utahama na wateja. Na wapo wanaokufanya kibarua wa bure mwaka mzima kwa jina la kujifunza. Ushauri wangu kwa anayechagua njia hii ni mmoja: andikianeni. Karatasi moja tu ya daftari iseme utakaa miezi mingapi, utafundishwa nini na nini, unalipa kiasi gani, na lini utaanza kupata mgawo. Kwa msusi aliyeiva, mgawo kwenye saluni nyingi ni nusu kwa nusu na mwenye saluni, au msusi anakodi kiti kwa wiki na kinachobaki ni chake. Kwa mwanafunzi hakuna kanuni, ndiyo maana karatasi inahitajika.

Hapa niwataje watu ambao hawakupita saluni wala chuo na bado wanatupora wateja. Ukishuka Mwenge au Kariakoo utawaona vijana wa Kimasai wamekaa kwenye vigoda, shuka mabegani, wanasuka kina dada vinywele vyembamba vya kusokota ambavyo mimi ningevimaliza kesho kutwa. Kwa mila yao wanawake hunyoa. Wanaofuga nywele ndefu na kusukana ni morani, mpaka siku ya sherehe ya kuvuka rika wanaponyolewa. Yaani mwanamume yule amesuka wenzake porini miaka kabla hajapanda basi la Dar. Mafunzo yake yana wakufunzi, wanafunzi na miaka ya mazoezi, isipokuwa hayana muhuri.

Njia ya pili ndiyo yenye muhuri: VETA. Mamlaka hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ususi na urembo ni miongoni mwa fani zinazofundishwa katika baadhi ya vyuo vyake, si vyote. Vyeti vyake vina ngazi tatu, NVA ya 1, ya 2 na ya 3. Anayeingia kozi ndefu anaanza ya 1 na kupanda, mwaka mmoja kwa ngazi kwa makadirio ya kawaida, na mwaka wa masomo huanza Januari. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Linganisha na ada yako. Ila usidanganyike na ada peke yake. Ususi unakula vifaa: kichwa cha sanamu cha kujifunzia, rasta, rola, mafuta, shampuu, vitana vya aina aina, aproni, na nauli ya kwenda kwenye mafunzo kazini.

Mafunzo yenyewe ni ya umahiri, yaani hupimwi umekariri nini, unapimwa unaweza kufanya nini mbele ya mpimaji. Unafundishwa kumpokea mteja, kukagua ngozi ya kichwa, usafi wa vifaa, kuosha, kusuka, kushonea, dawa, rangi, kukata, na kidogo hesabu za biashara. Sharti la kuingia si kubwa, mtu aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne ndiye aliyelengwa.

Sasa hapa ndipo wasomi wa chuo kikuu tunapojikwaa. Katika ngazi za tuzo za nchi yetu, NVA ni ya 1 hadi 3, vyeti vya ufundi na stashahada vinashika 4 hadi 6, shahada ya kwanza ni 8. Mtu anaona aibu kutoka 8 arudi 1, kama vile ni kudisko mara saba mfululizo. Ngazi hizo zinapima fani moja kwenda juu. Shahada yangu ya Sosholojia haijawahi kunifundisha kushika pasi. Kwenye ususi mimi ni ngazi ya 0, na aliyemaliza NVA ya 2 akiwa na miaka kumi na tisa ni mkubwa wangu kikazi, nitamsalimia shikamoo nikimkuta saluni kwake.

Kwa mwanafunzi wa chuo, kozi ndefu ni ngumu kwa sababu ya muda, labda usubiri ukihitimu. Kinachotufaa sasa ni kozi fupi. Vyuo vya VETA na vya binafsi vina kozi za wiki au miezi michache, nyingine za jioni, na ile likizo ndefu ya katikati ya mwaka inatosha kabisa kwa kozi moja. Ada zake zinatofautiana kati ya chuo na chuo na huwa ni kubwa ukilinganisha na muda, kwa sababu hapo vifaa mara nyingi vimo ndani. Cheti cha kozi fupi kinaonyesha umehudhuria na umejifunza jambo fulani, hakikupi NVA. Usikubali mtu akuuzie cha kwanza kwa bei ya pili.

Hilo linanileta kwa vyuo binafsi, ambavyo kila ghorofa ya mjini sasa ina bango lake. Vipo vizuri sana. Vipo pia vinavyokupa kofia na joho baada ya mwezi na nusu na "diploma ya urembo ya kimataifa" yenye nembo ya dunia. Kabla hujalipa, angalia kama jina la chuo limo kwenye usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Kisha uliza maswali mawili: cheti cha mwisho kinatolewa na nani, na kila mwanafunzi anashika vichwa vya watu halisi mara ngapi kwa wiki. Anayejibu la pili kwa kusitasita, aga uondoke. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vilivyoanzishwa na serikali kuanzia mwaka 1975, baadhi navyo vinafundisha fani kama hizi kwa bei nafuu wilayani, kwa hiyo kama una mdogo wako kijijini anayependa kusuka, mwelekeze huko kabla hajapanda gari kuja mjini.

Halafu kuna njia ambayo wengi hawajawahi kuisikia na ambayo kwa msusi wa hosteli ni habari njema: urasimishaji wa ujuzi. Ni utaratibu wa kumtambua mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa. Huanzi mwanzo. Unajaza maombi, unaeleza umefanya kazi gani na kwa muda gani, na mpimaji anakuja kukuona unapofanyia kazi au unaitwa kituoni. Anakuuliza maswali kwa mdomo, anakutazama ukifanya, na anaorodhesha palipopungua. Mapungufu hayo unafundishwa kwa muda mfupi, unapimwa tena, ukifaulu unapata cheti cha ngazi unayostahili. VETA imekuwa ikifanya hivi kwa mafundi magari, waashi, wapishi na wengineo, na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu imewahi kugharimia makundi ya vijana. Sharti kubwa ni uzoefu unaoonekana. Kwa hiyo picha za kazi zako, majina ya wateja wanaoweza kukutolea ushahidi, na barua ya saluni uliyosaidia wakati wa likizo ni nyaraka, usizifute kwenye simu kupunguza nafasi.

Sasa niseme yaliyonikuta.

Mwaka wa pili, rafiki yangu wa darasani aliniomba nimfumue rasta halafu nimwekee dawa usiku uleule, kesho yake alikuwa na kitchen party ya dada yake. Nilikuwa nimeshaweka dawa mara nyingi. Nilimfumua, nikamkwangua mba kwa kitana kama anavyopenda, nikamwosha, nikamkausha, nikapaka. Dakika ya tano akasema inawasha. Nikamwambia vumilia, ndiyo inakolea. Tulipoiosha, ngozi ilikuwa imetoka nyuma ya masikio na utosini. Alienda zahanati na si kwenye sherehe. Mpaka leo utosini pana sehemu kama sarafu isiyoota vizuri. Hakunishitaki kwa yeyote, na hilo ndilo lilinichoma zaidi.

Miezi mingi baadaye mkufunzi mmoja wa urembo alinieleza nilichofanya, kwa dakika kumi, bila kunicheka. Uimara wa unywele unatokana na protini ya keratini, na ndani yake kuna viungo vya salfa vinavyoshika umbo la unywele. Dawa ya kunyoosha ni alkali kali: ya sodiamu haidroksaidi, au ile inayoandikwa haina sodiamu ambayo unachanganya mwenyewe vitu viwili. Zote zinavunja viungo vile moja kwa moja, havirudi. Ndiyo maana unywele ulionyooshwa haujikunji tena na unarudia maotea tu. Ngozi ya kichwa ina mafuta yake yanayoikinga, na mimi nilikuwa nimeyaondoa kwa shampuu. Ilikuwa pia na michubuko ya kitana na ya kufumua, nikaipakia alkali juu ya vidonda vidogo. Kanuni inayofundishwa wiki za mwanzo tu chuoni ni kwamba hutoi rasta ukaweka dawa siku hiyohiyo, hukwangui, huoshi kabla, unapaka mafuta ya kinga pembezoni, na mteja akisema inachoma unaosha hapohapo kwa maji mengi. "Vumilia" haimo kwenye mtaala.

Na kuna mabaya zaidi ambayo sikuyafanya kwa bahati tu. Karikiti inafanya kazi kwa kemikali ya ukoo mwingine kabisa, inafungua viungo vya salfa halafu dawa ya pili inavifunga upya. Ukiipaka juu ya nywele zilizowahi kunyooshwa kwa alkali, zinakatika mkononi kama tambi. Msusi aliyesoma anauliza mteja nywele zako zimewahi kuwekwa nini. Mimi nilikuwa nauliza tu unataka mtindo gani.

Kusuka nako kuna elimu yake, tusijidanganye. Wale wanaopoteza nywele za mbele na pembeni, watu wanasema ni dawa au ni uzee, mara nyingi ni mvuto wa kusuka kwa kubana miaka na miaka. Ukigundua mapema nywele zinarudi. Shina likishafanya kovu hazirudi. Mteja anayeshindwa kufumba macho usiku wa kwanza amesukwa vibaya, hata kama amependeza. Tuweke pia mapunye yanayohama kichwa hadi kichwa kwa kitana kimoja, na mashine ya kunyolea ambayo kinyozi ameipangusa tu kwa kitambaa wakati homa ya ini aina ya B inaweza kupita kwenye mkwaruzo mdogo wenye damu. Usafi wa vifaa ni somo kamili, lina mtihani wake.

Kwa maoni yangu basi, California wamegawa vizuri. Kusuka kwa mkono, jifunzie popote, kwa bibi, kwa jirani, hosteli. Ukishika chupa ya kemikali, nenda kasome kwanza, hata kozi ya wiki sita.

Je, cheti kina faida gani nyingine? Hoteli za kitalii za Zanzibar na Arusha zenye saluni ndani huomba cheti kabla hazijatazama mikono. Ukitaka kufundisha ususi chuoni utahitaji cheti cha fani, kisha ualimu wa ufundi stadi, ambao VETA wana chuo chake Morogoro. Wanaopanga kwenda ng'ambo, cheti hakiwapi leseni ya huko, ila kinawapa pa kuanzia.

Ukifikia kufungua cha kwako, cheti ni karatasi moja kati ya kadhaa. TIN unaichukua TRA bila malipo. Leseni ya biashara iko halmashauri, na afisa afya atataka kuona maji, taka zinakokwenda na unavyosafisha vifaa. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato, lakini andika mauzo kila siku kwenye daftari, maana bila kumbukumbu utakadiriwa. Vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS. Kopo lenye zebaki au haidrokwinoni usiliweke kabatini hata mteja akililia mkorogo. Kwa mtaji, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo hutolewa zaidi kwa vikundi. Wasusi watano wa korido moja ni kikundi tayari, kinachokosekana ni katiba na akaunti.

Na kwa wanaosukia vyumbani: kanuni za hosteli nyingi zinakataza biashara na pasi za umeme, kwa hiyo usije ukasema mimi ndiye niliyekuruhusu.

Mimi nimeshalipia kozi fupi ya kemikali za nywele inayoanza likizo ya Julai, na fomu ya urasimishaji kwa upande wa kusuka nimeijaza, inasubiri barua ya saluni niliyokaa mwaka jana. Kwa sasa nasuka mistari, rasta na uzi, Ijumaa na Jumamosi, ukija na rasta zako mwenyewe zimeshachambuliwa. Anayetaka dawa namwelekeza kwa dada mmoja pale nje ya geti, ambaye cheti chake kimetundikwa ukutani juu ya draya.